Mlio Utosini, Ndege Kusini: Jibu kwa Mwalimu wa Ujiji

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi Ujiji. Jumatano iliyopita, saa kumi na mbili na robo jioni, tulisikia mvumo mzito juu ya nyumba hadi mabati na vikombe vikatetemeka. Tulitoka nje tukatazama utosini, mlio ulikokuwa, hatukuona kitu. Mwanangu ndiye aliyeiona: ndege ya kijivu yenye injini nne za rafadha (yale mapanga yanayozunguka mbele ya injini), mbawa zimekaa juu ya mwili, inafuata ziwa kutoka kaskazini kwenda kusini. Ilikuwa imeshasogea kama robo ya njia kutoka utosini hadi kwenye upeo wa macho, na upana wake ulilingana na ukucha wa kidole cha mwisho mkono ukinyooshwa. Majirani wanasema ni ndege ya kivita kutoka Kongo na kwamba vita inavuka ziwa. Programu ya simu inayoonyesha ndege haikuonyesha kitu. Mama mkwe wangu, aliyekimbia kutoka Fizi, huko Kongo, mwaka 1998, aliingia uvunguni akakaa huko hadi usiku. Ile ilikuwa ndege gani? Kwa nini mlio ulikuwa mahali pamoja na ndege mahali pengine? Na je, tuwe na hofu?

Jibu: Mwalimu, pole kwako, na pole zaidi kwa mama. Nitaanza na swali lako la mwisho kwa sababu naona ndilo lililokufanya uandike. Kupita kwa ndege ile si dalili kwamba vita inavuka ziwa, na sehemu kubwa ya sababu zangu za kusema hivyo imo ndani ya barua yako mwenyewe. Nimefanya kazi ya kuongoza ndege kwa zaidi ya miaka 20, muda mwingi katika viwanja vya upande huu wa magharibi, na sasa nimestaafu hapa Tabora. Katika miaka hiyo watu wengi waliopiga simu kuulizia ndege walinieleza hofu yao kwanza, na walichokiona wakakieleza mwisho, kwa maneno mawili matatu. Wewe umetaja saa, upande, rangi, idadi ya injini, mahali mbawa zilipo, upana, na nafasi kati ya mlio na ndege. Kwa mtu wa kazi hii, maelezo hayo yanatosha kufanyia hesabu.

Tuanze na hilo la mlio kuwa mahali ambapo ndege haipo, maana ndilo linalotisha watu kuliko yote. Mtu husikia kitu kikubwa juu ya kichwa chake, akitazama anakuta anga tupu, na moyo unajaza pengo hilo kwa kila aina ya dhana. Mwanga hufika kwetu haraka mno, kiasi kwamba kwa umbali wa ndege tunaweza kuuhesabu kuwa unafika papo hapo. Sauti haina haraka hiyo. Katika hewa ya jioni ya Ujiji husafiri mita 340 na ushee kwa sekunde, na hewa inapozidi kuwa baridi nayo hupunguza mwendo, hata huko juu ndege za abiria zinakopita hubakia mita 305 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo jicho linakuonyesha ndege ilipo sasa, na sikio linakuonyesha ilipokuwa wakati sauti hiyo ilipotoka. Ndege ya abiria iliyo mita 11,000 juu, ikienda mita 250 kwa sekunde, sauti yake huchukua zaidi ya nusu dakika kukufikia, na katika muda huo yenyewe imeshakwenda kilomita 8 mbele.

Sasa lipo jambo ambalo hata vijana niliowafundisha kazi lilikuwa likiwashangaza. Nafasi ile unayoiona kati ya mlio na ndege, ukiipima kwa pembe na si kwa kilomita, haitegemei ndege iko juu kiasi gani. Ndege ikiwa juu zaidi, sauti inachelewa zaidi na ndege inasogea zaidi, lakini pia iko mbali zaidi na macho yako, hivyo pembe inabaki ileile. Kinachoibadilisha pembe ni kasi ya ndege tu. Wewe umesema mlio ulipokuwa utosini, ndege ilikuwa imekwenda robo ya njia hadi kwenye upeo. Kutoka utosini hadi upeo wa macho ni nyuzi 90. Robo yake ni nyuzi 22 na nusu. Pembe hiyo ina maana kwamba ndege ilikwenda kwa asilimia 41 hivi ya kasi ya sauti, yaani karibu mita 140 kwa sekunde, na hizo ni kilomita 500 kwa saa. Ndege ya kivita ya jeti ikiwa safarini ingekuwa imekuacha kwa ngumi nne, kwani ngumi moja ya mkono ulionyooshwa ni karibu nyuzi 10. Yako ilikuacha kwa ngumi mbili na kidogo. Huo ndio mwendo wa ndege kubwa ya mizigo yenye rafadha.

Ukucha wa mwanao nao umesaidia. Ukucha wa kidole cha mwisho, mkono ukiwa umenyooshwa, hufunika nyuzi 1 hivi, na kitu kinachofunika nyuzi 1 huwa mbali na wewe mara 57 ya upana wake. Ndege ya kijivu yenye injini nne za rafadha na mbawa juu ya mwili ni ya kundi la Hercules, ambayo mbawa zake zina upana wa mita 40. Arobaini mara 57 ni mita 2,280. Ukiondoa mteremko wa pembe tuliyoipata, ndege ilikuwa mita 2,100 hivi juu ya paa lenu, na sauti yake ilichukua sekunde 6 tu kufika vikombeni. Urefu huo ni wa ndege ambayo haijapanda hadi anga lake la safari, au ambayo imeanza kushuka. Ndege ya aina hii ikiwa safarini hupendelea kwenda mara tatu ya hapo, ambako hewa ni nyepesi na mafuta hayaliwi sana.

Hercules iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1954, zimeundwa zaidi ya 2,500, na zimetumiwa na majeshi ya nchi zaidi ya 60. Ipo pia ndugu yake wa Kisovieti, Antonov 12, inayofanana nayo sana ukiitazama kwa chini, na Wachina waliunda ya kwao kwa kuifuata. Muulize mwanao kama pua ya ndege ilikuwa na vioo kwa chini, kama dirisha la duara. Antonov inacho kioo hicho, Hercules haina. Zote mbili ni ndege za kubeba mizigo na watu, mlango wao mkubwa uko nyuma chini ya mkia, na zinaweza kutua kwenye kiwanja cha udongo. Kwa sababu hiyo hukodiwa pia na wanaosafirisha vyakula na dawa za misaada, hivyo rangi ya kijivu peke yake haitoshi kusema kwamba ndani yake mna askari.

Mvumo wenyewe nao ungekwambia hivyo hivyo hata kama ingekuwa usiku. Rafadha za Hercules huzunguka mara 1,020 kwa dakika, nazo zile za zamani zina mapanga manne kila moja. Ukihesabu, hewa inapigwa mara 68 kwa sekunde. Hiyo ni sauti nzito, ya kifuani. Sauti nzito hazinyonywi na hewa kama zinyonywavyo sauti nyembamba, ndiyo maana ndege iliyo mbali husikika kama radi inayokoroma, vifijo na miluzi yote ya injini ikiwa imepotea njiani. Tena bati lililopigiliwa misumari kwa nafasi hupenda kuitikia mitikisiko ya namna hiyo, na vikombe kabatini vilevile. Kwa hiyo kutetemeka kwa nyumba ni alama ya uzito wa sauti, wala si kipimo cha ukaribu wa ndege au ubaya wa nia ya rubani. Injini nne zisipokwenda sawasawa kabisa, utasikia mvumo ukipanda na kushuka kama pumzi ya mtu aliyelala. Wazee wengi walioishi wakati wa vita wanaikumbuka pumzi hiyo kuliko wanavyokumbuka umbo la ndege, na huenda mama ni mmoja wao.

Helikopta unaitambua mapema zaidi. Mi-8 na dada yake Mi-17, ambazo zimetumika sana upande wa Kongo, zina mapanga matano yanayozunguka mara 192 kwa dakika, yaani mapigo 16 kwa sekunde, karibu na mwisho wa chini kabisa wa usikivu wa binadamu. Unaanza kuyahisi kabla ya kuyasikia, na yanaweza kukufikia kutoka nyuma ya mlima helikopta yenyewe isionekane.

Jeti ya kivita ni habari nyingine. Mwaka 1952 mwanahisabati Mwingereza James Lighthill alionyesha kwamba kelele ya hewa inayofyatuka kutoka nyuma ya jeti hukua kwa kipeo cha nane cha kasi ya hewa hiyo. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu ya kelele huongezeka mara 256. Injini ya ndege ya abiria husukuma hewa nyingi kwa kasi ya wastani, ndiyo maana inavuma kwa upole. Injini ya ndege ya kivita husukuma hewa kidogo kwa kasi kubwa sana, na ndipo unaposikia sauti ile ya kupasuka, kama turubai linalochanwa. Anayewahi kuwapo Dar es Salaam au Dodoma kwenye sherehe za kitaifa, Jeshi letu la Wananchi linapopitisha ndege zake za F-7, anaijua. Hercules haitoi sauti hiyo, na barua yako haikuitaja.

Watoto wako wakiuliza kwa nini ndege ya kivita hushtua kuliko nyingine, wafanyishe hesabu hii ubaoni. Ndege ndogo inayoruka chini kwa mita 60 kwa sekunde ikiwa kilomita 1 mbali itachukua karibu sekunde 17 kufika kichwani pako, na sauti yake itakuwa imefika baada ya sekunde 3. Umepata sekunde 14 za kujiandaa. Jeti ya mita 250 kwa sekunde ikiwa kilomita hiyohiyo 1 mbali itachukua sekunde 4, sauti yake sekunde 3. Umebakiwa na sekunde 1. Mwili wa binadamu haupendi jambo kubwa linalotokea kwa notisi ya sekunde 1, awe mtoto au askari mwenyewe. Ikivuka kasi ya sauti hupati hata hiyo sekunde: ndege inapita kimya, kisha mshindo unafuata, mara nyingi miwili iliyobanana, mmoja wa pua na mmoja wa mkia. Watu hudhani mshindo huo hutokea mara moja, pale rubani anapoipita kasi ya sauti, kama rubani Mmarekani Chuck Yeager alivyofanya tarehe 14 Oktoba 1947. Sivyo. Ndege huuburuta njia nzima kama mashua inavyoburuta wimbi lake ziwani, na kila kijiji kinausikia kwa zamu yake. Marubani hawafanyi hivyo juu ya makazi bila sababu kubwa, na mafuta yanayoteketea kwa dakika chache za mwendo huo ni mengi mno.

Hapo nitaongeza jambo moja la usalama ambalo ningependa kila mwanafunzi wako alijue. Tarehe 15 Februari 2013, kimondo kilipasuka juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu waliona mwanga mkali, wakakimbilia madirishani kutazama, na zaidi ya dakika moja baadaye mshindo ukafika na kuvunja vioo. Watu wapatao 1,500 walihitaji matibabu, wengi wao kwa kukatwa na vioo hivyo. Mtoto akiona mwanga mkubwa usio wa kawaida angani, awe wa radi, wa kimondo au wa kitu kingine, akae mbali na dirisha hadi sauti ipite.

Pengine unajiuliza pia kwa nini mlio ulikuwa mkubwa jioni ile. Mchana jua hupasha ardhi, hewa ya chini inakuwa ya moto kuliko ya juu, na sauti hupindishwa kuelekea juu, ikatuacha. Jua linapoelekea kuzama ardhi hupoa haraka, hewa iliyo juu kidogo inabaki na joto lake, na sauti zinapinda kurudi chini. Ongeza vilima vinavyolizunguka ghuba la Kigoma, vinavyorudisha mwangwi, na uso wa ziwa uliotulia, ambao humeza sauti kidogo sana. Ndiyo maana jioni unasikia injini za mitumbwi ya dagaa kana kwamba ziko uani. Ndege ileile ikipita saa nane mchana, huku redio zinaimba na pikipiki zinapita, pengine msingeinua hata macho.

Jambo hili la mlio na ndege kuachana lilianza kwenu zamani kuliko mahali pengi pa nchi hii, ingawa kwa wa kwanza walioona ndege halikuonekana. Katikati ya mwaka 1916 Wabelgiji walivusha ziwa ndege za maji aina ya Short, walizopewa na Waingereza na kuziunganisha upande wa Kongo karibu na mji ambao leo ni Kalemie, wakaja kudondosha mabomu juu ya bandari ya Kigoma, ambako Wajerumani walikuwa na meli yao ya Graf von Götzen. Ndiyo hiyo meli iliyozamishwa na mabaharia wake mwezi Julai mwaka huo, ikaibuliwa mwaka 1924, na tangu 1927 tunaiita Liemba. Ndege zile zilikwenda karibu kilomita 100 kwa saa. Ukifanya hesabu yetu ya pembe, mlio uliachana na ndege kwa nyuzi 5, nusu ya ngumi. Mtu wa Ujiji wa siku hizo aliposikia mlio akainua uso, ndege aliikuta palepale. Babu zetu walikuwa na hofu, lakini masikio na macho yao yalikubaliana. Yetu yametenganishwa na kasi.

Kuhusu programu ya simu, usiitegemee kama shahidi. Programu kama Flightradar24 huonyesha ndege zinazotangaza mahali zilipo kwa redio, na tangazo hilo lazima lipokelewe na mtambo ulio chini, mingi ikiwa imewekwa na watu wa kujitolea. Magharibi mwa Tanzania mitambo hiyo ni michache, na mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo ndege iliyo chini nyuma ya vilima haionekani hata kama inatangaza. Ndege nyingi za kijeshi, tena za nchi zote, hazijitangazi kwa namna hiyo au zinaondolewa kwenye picha inayoonyeshwa kwa umma. Kutoonekana kwake simuni hakumaanishi kwamba imejificha kwa waongoza ndege. Nchi ina rada za kuongozea ndege za kiraia Dar es Salaam, Kilimanjaro, Mwanza na Songwe, na mbali ya rada kuna mazungumzo ya redio na taarifa za safari zinazotumwa kabla ndege haijaondoka.

Na kuhusu uvumi wa majirani, ni vizuri wajue kwamba anga lina mwenyewe. Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, katika ibara yake ya 3, unasema wazi kwamba ndege ya serikali, yaani ya jeshi, forodha au polisi, haina ruhusa ya kupita juu ya nchi nyingine bila kibali cha nchi hiyo. Vibali hivyo huombwa na kutolewa kila mara, kwa sababu za kawaida kabisa. Tangu mwaka 2013 Tanzania, pamoja na Afrika Kusini na Malawi, ilipeleka askari katika kikosi cha Umoja wa Mataifa mashariki mwa Kongo, na askari hula, huugua, hubadilishana zamu na hurudi nyumbani. Mkoa wako umekuwa na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu tangu 1996, nayo inahitaji mizigo. Ndege kubwa ya mizigo inayofuata ziwa mchana kweupe, kwa mwendo wake wa kawaida, katika urefu ambao mtoto anaweza kuhesabu injini zake, inafanya safari. Inayokuja kwa ubaya haijipi nafasi ya kutazamwa hivyo.

Ndege nyingi zaidi zinazotuvuka hata si za jeshi. Ukichukua ramani ukapiga mstari kutoka Kairo hadi Johannesburg, utapita karibu sana na Kigoma. Ukipiga mwingine kutoka Addis Ababa hadi Lusaka, utapita karibu na paa langu hapa Tabora. Nikiwa barazani asubuhi naziona, mara zikiwa na mkia mweupe mara hazina. Mkia ule ni mvuke wa maji unaotoka kwenye injini na kuganda kuwa chembe za barafu. Ili utokee inatakiwa baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri hivi, na kwetu, karibu na ikweta, baridi hiyo iko juu zaidi kuliko Ulaya, ndiyo maana mikia hiyo hatuioni mara nyingi. Ikionekana, watu husema ni kombora au ndege ya vita. Ni abiria, Mwalimu, wengi wao wamelala.

Nimeacha jambo la mama mwisho kwa sababu ndilo zito kwangu, na hesabu zote hizi hazitamsaidia zikiletwa vibaya. Tafadhali usimwambie kwamba ndege ya mizigo haiwezi kudhuru mtu. Katika vita vya bara letu, Sudan hasa, ndege za mizigo ziligeuzwa kudondosha mabomu kupitia mlango wa nyuma, na mtu aliyetoka Fizi mwaka 1998 anaweza kuwa anajua mambo ambayo mimi na wewe hatujayaona. Hata huku kwetu si kwamba anga halikuwahi kutenda ubaya. Mwaka 1979, wakati wa vita ya Kagera, ndege ya Libya iliyotumwa kuupiga mji wa Mwanza ilikosa shabaha na mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Ukimwambia mama kwamba hofu yake ni ya bure, atajua kwamba humwelewi, na siku nyingine hatakwambia. Mwambie yaliyo kweli: yuko Ujiji, ndege ile ilikuwa inafuata ziwa kwenda kusini, na unajua hivyo kwa sababu mjukuu wake aliiona kwa macho yake.

Wakati wa utulivu, labda asubuhi, mkae naye nje. Kigoma ina kiwanja cha ndege kisicho mbali nanyi. Mwonyeshe ndege ya abiria ikitua na kuondoka, mlio na umbo vikiwa pamoja mbele ya macho yake. Mtoto amfundishe kupima kwa ngumi, kama mchezo wa bibi na mjukuu. Nimeona watu wazima waliovumilia vizuri zaidi mara walipopewa kazi ya kufanya kwa macho na mikono mlio unapopita. Ikiwa halali usiku, hali, au anashtuka hata kwa pikipiki, mpeleke kituo cha afya na umweleze mganga historia yake yote, kwani hayo ni maradhi yanayotibika, wala si uoga wala uzee. Nyumbani na darasani, usiruhusu mtu amcheke aliyejificha.

Kwa wanafunzi, nakuomba uwafundishe pia kutopiga picha kambi za jeshi wala ndege za jeshi zilizo chini, kwa kuwa sheria za usalama wa taifa zinakataza, na wasiguse kamwe chuma chochote kigeni watakachokiokota porini au ufukweni. Wamwite mwenyekiti wa mtaa au polisi. Wakiona ndege angani, waandike saa, upande, injini ngapi, mbawa ziko wapi, na ngumi ngapi. Wewe umeshawaonyesha namna.

Ndege ya namna ile ikipita tena, mvumo wake hautazidi dakika mbili tatu tangu uanze hadi uishe. Mama akitaka kutoka nje kuitazama, toka naye umshike mkono. Asipotaka, usimvute. Keti naye sakafuni, karibu na ule uvungu, mhesabu pamoja hadi sauti ipotee kusini.